Tumbo Ndilo Linalokanyaga Pedali

Kilomita kama ishirini kabla ya Manyoni, pale barabara inapoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, nilijikuta nimesimama kando ya lami bila kukumbuka nimeshukaje kwenye baiskeli. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimemkasirikia mwenzangu kwa kosa ambalo mpaka leo silijui. Tulikuwa wanne, tumetoka Dodoma kabla ya alfajiri, tunachangisha fedha za madawati. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu walikuwa wameahidi kulipia kila kilomita tutakayoimaliza, na ahadi zote zilikuwa kwenye daftari moja lililofungwa kwa kipande cha tyubu. Nilidhani mapafu ndiyo yamenishinda. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji chini ya mbuyu alinitazama usoni mara moja tu.

"Mwanangu, huumwi. Una njaa," akasema. Akanimiminia kikombe kikubwa cha uji wa ulezi, akatia vijiko vitatu vya sukari bila kuniuliza kama naipenda, kisha akaniongezea cha pili.

Nusu saa haijaisha, nilikuwa nimeshamwomba mwenzangu radhi na nimerudi barabarani. Miguu ileile, mapafu yaleyale, mlima uleule. Yule mama alikuwa ameona kwa jicho moja jambo ambalo wanafiziolojia wamelipima kwa miaka mingi maabarani: katika safari ndefu ya baiskeli, miguu ni kibarua tu. Bosi ni tumbo.

Njia ya kwenda Butiama

Kukata nchi kwa nguvu ya mwili wako kwa ajili ya jambo la umma si mambo mageni kwetu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kwenye mkutano mkuu wa TANU, kuunga mkono Azimio la Arusha. Tangu 2019 waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wameifanya njia ya kwenda kijijini kwake kuwa safari ya hisani. Hutoka Dar es Salaam, hupanda miti na kutoa madawati njiani, na hulenga kufika kwa ajili ya tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Ukifuata barabara kuu kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, ni zaidi ya kilomita 1,300.

Urefu huo unakaribiana na ule wa Barabara Namba 1 ya Iceland, inayoizunguka nchi nzima kama mkanda kiunoni. Mwaka 2012 huko yalianzishwa mashindano ya hisani ambayo timu za waendesha baiskeli ziliizunguka nchi kwa kupokezana, ndani ya saa 72, katika mwezi wa Juni ambapo usiku hauingii giza. Wao walipigana na baridi na mvua ya kulala, sisi tunapigana na jua la Oktoba. Lakini hesabu inayosumbua wote ni moja: kiasi gani cha nishati kinatoka mwilini, na kiasi gani kinaweza kuingia.

Hesabu ya chapati

Tuanze na kinachotoka. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kawaida, barabara tambarare, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hutumia kati ya kilokalori 20 na 30 kwa kila kilomita. Tuchukue 25. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya kilokalori 11,000. Chapati moja ya mafuta ina kama 300. Hizo ni karibu chapati arobaini, kabla hujahesabu chakula ambacho mwili ungekihitaji hata kama ungeshinda umelala.

Wengi huogopa milima kuliko kitu chochote. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu hujiuliza atapandaje huko kutoka Kivukoni, Dar es Salaam. Fizikia inatoa jibu la kushangaza. Kuinua mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 15 mpaka kimo hicho ni kazi ya kilojuli 900 na kidogo. Misuli hugeuza kama asilimia 22 tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, kwa hiyo gharama yake ni takriban kilokalori 1,000: chapati tatu na nusu. Kweli, barabara hupanda na kushuka mara nyingi, na unachokipata mteremkoni kingi humezwa na breki na hewa, hivyo bili halisi ni kubwa zaidi. Hata hivyo, mlima unaotisha kwa macho si mlaji mkuu.

Mlaji mkuu haonekani. Ni hewa. Nguvu inayohitajika kuipasua hupanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukaenda 25, umeongeza mwendo kwa robo, lakini nguvu ya kupambana na hewa imekaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana waendesha baiskeli husafiri kwa mstari, mmoja nyuma ya tairi la mwingine: wa nyuma anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi, na wa mbele akichoka hupisha. Ndiyo maana pia anayekwenda Singida katika msimu wa upepo wa mashariki huona anasukumwa na mkono wa mtu, na anayerudi Dodoma kwa baiskeli ileile hulaani siku aliyoinunua.

Mlango mwembamba

Sasa kinachoingia. Mwili una maghala mawili. La kwanza ni glaikojeni, wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini. Kwa mtu wa kawaida hufika gramu 400 hadi 600, sawa na kilokalori 2,000 hivi. Kwa hesabu yetu ya 25, hizo ni kilomita 80. Ghala la pili ni mafuta. Kilo kumi tu za mafuta, kiasi ambacho hata mtu mwembamba huwa nacho, zina zaidi ya kilokalori 70,000, za kutosha kwenda Butiama na kurudi. Mbona basi mtu mwenye mafuta ya safari nzima anaanguka kabla ya Manyoni?

Kwa sababu mafuta huwaka polepole. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu, ndivyo misuli inavyodai wanga zaidi, na ghala la wanga likikauka huna budi kupunguza mwendo, upende usipende. Ubongo nao hutegemea zaidi glukosi ya kwenye damu. Ini likiishiwa, ubongo hubana matumizi: hasira za bure, mikono kutetemeka, kusahau umeshukaje kwenye baiskeli.

Dawa inaonekana rahisi: kula ukiwa unaendesha. Hapo ndipo unapokutana na mlango mwembamba. Glukosi hupita kwenye ukuta wa utumbo kwa kubebwa na protini maalumu, na wabebaji hao wakishajaa, hakuna cha kuwaharakisha. Kikomo chao ni gramu 60 hivi kwa saa, yaani kilokalori 240, wakati wewe unatumia 500. Ukilazimisha zaidi, sukari hubaki tumboni, huvuta maji, na safari huishia vichakani.

Lakini fruktosi, sukari ya matunda, ina mlango wake wa pembeni. Ukichanganya sukari hizo mbili, mwili unaweza kupokea mpaka gramu 90 kwa saa. Viwanda vya Ulaya huuza mchanganyiko huo kwenye vifuko vidogo kwa bei ya kuumiza. Chalinze au Morogoro unaupata kwenye glasi. Sukari ya muwa ni sukrosi, ambayo kila molekuli yake huvunjika kuwa glukosi moja na fruktosi moja. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kashata mfukoni, asali ya Manyoni kwenye kichupa: vyote vinapita milango miwili kwa pamoja. Ndizi pia imo humo.

Hata hivyo, piga hesabu: gramu 90 ni kilokalori 360. Bado una upungufu. Hakuna anayeweza kula barabarani sawasawa na anavyotumia. Kilichobaki ni mbinu mbili. Kula mapema na mara kwa mara, kabla njaa haijabisha hodi. Na kwenda mwendo unaoweza kumaliza sentensi bila kutweta, kwa kuwa hapo ndipo mafuta yanapopata nafasi ya kubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Jasho la pwani, jasho la bara

Zile asilimia 78 za nishati ambazo hazikuwa mwendo zimekwenda wapi? Zimekuwa joto. Mwili wa mwendesha baiskeli ni jiko linalosafiri, na njia yake kuu ya kupoa ni jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 za joto. Lakini lazima igeuke mvuke. Kibaha, ambako hewa tayari imejaa unyevu, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu bila kukupoza. Unapoteza maji bure. Bahi mambo ni kinyume. Hewa kavu hulinyonya jasho kabla hujaliona, nawe unajidanganya kuwa hutoki jasho, mpaka ukivua fulana nyeusi jioni ukakuta ramani nyeupe za chumvi mgongoni.

Chumvi hiyo inadai kurudishwa. Kunywa maji matupu kupita kiasi kunaweza kuizimua sodiamu ya damu mpaka ikahatarisha maisha. Wanasayansi waliowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002 walikuta asilimia 13 yao wana sodiamu pungufu, na kilichowatambulisha zaidi ni kwamba walikuwa wameongezeka uzito njiani. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake halitoshi. Mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, au bakuli la supu asubuhi, vinamalizia kazi.

Kikomo cha siku nyingi

Safari ya siku kumi unaweza kuifanya kwa deni. Utapungua kilo mbili tatu, kisha utajilipa nyumbani. Je, ingekuwa miezi?

Mwaka 2015 kikundi cha wakimbiaji kilivuka Marekani kwa takriban siku 140, wakikimbia karibu marathoni nzima kila siku, siku sita kwa wiki. Watafiti, Herman Pontzer akiwa mmoja wao, waliwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, ila oksijeni hutoka kwa maji na kwa hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Ukipima mkojo na kulinganisha hizo mbili, unajua mtu ameunguza kiasi gani. Matokeo yalichapishwa 2019. Kadiri wiki zilivyopita, miili yao ilibana matumizi, mpaka kila mmoja akawa anatumia takriban kilokalori 600 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wakilinganisha na safari nyingine ndefu, watafiti waliona mstari ukishuka na kutulia kwenye mara 2.5 ya nishati anayotumia mtu akiwa amepumzika kabisa. Walipendekeza kwamba kizuizi ni mfumo wa kusaga chakula: tumbo haliwezi kuingiza zaidi ya hapo siku baada ya siku.

Katika hesabu hizohizo mimba ilionekana ikikaribia mara 2.2. Mama aliyebeba mtoto miezi tisa huku akichota maji na kupika ameishi karibu na kikomo cha mwanariadha, na hakuna aliyempigia makofi mstari wa mwisho.

Pontzer huyohuyo aliwahi kupima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, wanaotembea kutwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Utafiti huo, wa 2012, ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza hatumii nishati nyingi kwa siku kuliko Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili ukizoea kazi, hupunguza bajeti mahali pengine. Mtu anayetarajia kukonda milele kwa safari moja ya baiskeli atasikitika.

Hesabu ya daftari

Tumbo likitulia, viungo vidogo navyo huanza kudai haki. Kiti laini kama godoro huumiza kuliko kigumu, kwa sababu mifupa ya makalio huzama na uzito kuhamia kwenye nyama na mishipa. Uzito unapaswa kubebwa na mifupa. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, ni neva inayopita kwenye kiganja imegandamizwa na usukani. Hamisha mikono kila baada ya dakika chache. Hayo hayana ushujaa wowote, lakini ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani kwa basi.

Jioni ile Manyoni tulifungua daftari kuandika kilomita za siku. Nikakumbuka kwamba nilipotaka kulipa, yule mama alichukua hela ya kikombe cha kwanza na kuikataa ya cha pili. "Hicho ni cha madawati," alisema. Kikombe kile kilikuwa na gramu 45 hivi za wanga, ulezi na sukari pamoja, kama kilokalori 180. Kwa hesabu ya tambarare ni kilomita saba. Mlimani ni pungufu, tuseme nne. Hatukujua jina lake. Mwenzangu, yuleyule niliyemgombeza, alichukua kalamu akaandika chini ya orodha ya wachangiaji: Mama wa uji, kilomita nne.