Pumu kwa vijana: Mitishamba isichukue nafasi ya inhela

Msimu wa baridi unapoingia Kangundo, kati ya Juni na Agosti, familia nyingi hutafuta nafuu ya kifua nyumbani: chai ya tangawizi na asali, maji ya mwarobaini, mafuta ya habasoda au kujifukiza kwa majani ya mkaratusi. Kijana mwenye pumu hunywa, na baada ya siku mbili tatu kifua hutulia. Kisha inhela inawekwa kando. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Pumu huja na kwenda. Mirija ya hewa huweza kuwa imevimba hata siku ambazo mgonjwa anajihisi mzima. Akikutana na vumbi, moshi wa kuni, baridi au mafua, mirija hiyo hubana na kifua hutoa mlio kama wa filimbi. Mara nyingi mbano mdogo hulegea wenyewe. Aliyekunywa mwarobaini siku hiyo atausifu mwarobaini, ilhali uvimbe ungalipo ukingoja usiku mwingine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 ulimwenguni mwaka wa 2019.

Inhela mbili, kazi mbili

Inhela ya salbutamol, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, hufungua mirija kwa dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Inhela ya kuzuia, kama ya beclometasone, hupunguza uvimbe polepole na hutumiwa kila siku jinsi daktari alivyoagiza, hata kifua kikiwa shwari. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA unashauri kwamba mgonjwa wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa salbutamol peke yake.

Je, tiba za nyumbani zina nafasi?

Zipo zisizo na madhara kwa wengi. Tangawizi na asali hutuliza koo. Mazoezi ya kupumua polepole yanaweza kupunguza dalili yakifanywa pamoja na dawa. Hata hivyo, hakuna kati ya hizi inayofungua mirija iliyobana.

Nyingine zinaweza kudhuru. Maji moto ya kujifukizia huunguza, na harufu kali ya mkaratusi huweza kuamsha pumu. Kuchoma majani na kuvuta moshi wake ni kuongeza moto kwenye moto. Dawa za chupa zisizo na lebo zinaweza kuwa zimechanganywa na dawa za hospitalini bila mnunuzi kujua.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba za jadi, kwa hivyo hakuna sababu ya kuzificha. Mwambie mhudumu wa afya kila unachotumia. Mzazi, usimfokee kijana, muulize. Wengine huacha inhela kwa kuwaonea haya wenzao shuleni, na kikombe cha mitishamba hakichekwi na mtu. Anayesoma shule ya bweni aende na inhela zake, na mwalimu ajulishwe.

Kifua kikibana

Mketishe kijana wima na umlegezee nguo. Mpe salbutamol, mpulizo mmoja baada ya mwingine, kupitia kifaa cha kupitishia dawa. Kama hakipo, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inaweza kutumika.

Mkimbize hospitalini mara moja iwapo hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, mbavu zinavutwa ndani au inhela haimpi nafuu. Usisubiri chai ichemke. Mkiwa njiani, endelea kumpa salbutamol.

Wakazi wanaweza kupata ushauri katika Hospitali ya Kangundo, kituo cha afya kilicho karibu au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini. Beba inhela zako na hiyo chupa ya mitishamba. Zote zizungumziwe meza moja.