Mashine haitemi maji: muuzie mvuvi impela sahihi mara ya kwanza

Wewe unayeuza spea mtandaoni ukiwa Mbeya mjini au Iringa, kuna wateja wa aina mbili ambao wauzaji wengi wanawasahau. Wa kwanza wako Ziwa Nyasa: Matema, Itungi na vijiji vya mwambao wa Kyela. Wa pili wako Bwawa la Mtera, pale Mto Ruaha Mkuu ulipozibwa mpakani mwa Iringa na Dodoma. Wote wanatumia mashine za boti, nyingi zimeshazeeka, na spea si rahisi kupatikana karibu. Wanachofanya ni kupiga picha, kutuma WhatsApp na kusubiri jibu lako.

Shida inaanzia kwenye jibu. Tumezoea kuandika haraka haraka, "Ipo boss, tuma hela." Mzigo unapanda basi, unafika, hauingii. Piga hesabu ya mfano tu: faida yako ni sh 8,000 na nauli ya mzigo ni sh 5,000. Ukikosea, unalipia kurudisha na kutuma upya, jumla sh 10,000. Umeuza na umepata hasara ya sh 2,000. Mvuvi naye kakaa siku tatu hajaingia ziwani.

Leo tuchukue kipuri kimoja tu kinachoulizwa sana: impela ya pampu ya maji.

IMPELA NI KITU GANI?

Ni kigurudumu kidogo cha mpira chenye mapezi, mara nyingi sita. Inakaa ndani ya pampu, juu ya gia boksi, kwenye mguu wa mashine. Shafti inayotoka kwenye injini inapita katikati yake. Injini ikizunguka, impela nayo inazunguka, inavuta maji ya ziwa na kuyasukuma juu yakapoze injini. Sehemu ya maji hayo inatoka nje kwa kijitundu. Ndiyo maana mvuvi anakwambia, "Mashine haitemi maji."

Impela ikifa, maji hayapandi. Injini inachemka, na ikiendelea hivyo pistoni inakwama kwenye silinda. Yaani kipande cha mpira kinaua mashine nzima. Na kuzimikiwa katikati ya Ziwa Nyasa si mchezo. Ziwa lile lina kina kinachofika karibu mita 700, na mawimbi yake yanaweza kupanda ghafla. Kwa hiyo unapouza impela, jua kuna watu watakaopanda boti wakiitegemea.

Mambo matatu ndiyo yanaimaliza. Moja, kuwasha mashine nchi kavu, maana maji ndiyo yanayoilainisha. Sekunde chache tu bila maji zinatosha kuiunguza. Mbili, mchanga na tope, hasa maji yakipungua bwawani na boti ikipita sehemu yenye kina kifupi. Tatu, umri: mpira unakauka na mapezi yanabaki yamepinda. Hili la tatu linakuhusu wewe. Impela iliyolala stoo miaka mingi inaweza kuwa imekauka hata kama haijawahi kufungwa. Ibonyeze mapezi kabla ya kuipiga picha. Na impela ya mtumba usiuze kabisa.

ULIZA KABLA YA KUTAJA BEI

1. Kijitundu kimezibuliwa? Wakati mwingine impela ni nzima, ila tope limeziba pale maji yanapotokea. Mwambie azime mashine, achokonoe kwa waya mwembamba, kisha ajaribu tena. Maji yakitoka, umekosa mauzo ya leo ila umepata mteja wa miaka.

2. Kibao kinasemaje? Usikubali jibu la "Yamaha 15" peke yake. Kampuni hiyohiyo imetengeneza mashine za nguvu moja kwa miaka tofauti, na pampu zake hazilingani. Kibao mara nyingi kiko kwenye kishikio kinachobana mashine kwenye boti. Omba picha inayosomeka herufi na namba zote.

3. Mguu ni wa mashine hiyohiyo? Mashine za zamani nyingi ni za kuunga: kichwa kimetoka huku, mguu umetoka kule. Kibao kitakwambia habari za kichwa, wakati impela iko kwenye mguu. Kwa hiyo omba picha ya impela ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula: upana wake, kimo chake na upana wa tundu la katikati.

JIFUNZE KUSOMA NAMBA YA KIPURI

Chukua mfano wa Yamaha: 63V-44352-01. Sehemu ya kwanza, 63V, ni familia ya mashine ambayo kipuri kilitengenezewa. Ya pili, 44352, inamaanisha impela. Ya mwisho inaonyesha toleo. Ukiona 44352 unajua ni impela, ila kama herufi za mwanzo ni tofauti, usidhani itaingia. Hakiki kwanza kwenye orodha ya vipuri ya mashine husika. Andika namba nzima kwenye tangazo lako, maana fundi anayejua kazi anatafuta kwa namba.

Ujumbe wako kwa mteja unaweza kuwa hivi:

"Pole sana kaka kwa usumbufu. Kabla hujatuma hela, naomba picha tatu: kibao cha mashine, impela ya zamani ikiwa na rula, na boksi la pampu kwa ndani. Nikishalinganisha nakupa bei na muda wa mzigo kufika."

MSAIDIE KUIFUNGA

Kipuri sahihi kikifungwa vibaya, lawama inakuja kwako. Tuma maelezo haya pamoja na mzigo:

• Chomoa waya za plagi, mashine isije ikawaka mikononi. Fungua bolti zinazoshika mguu wa chini, achanisha fimbo ya gia, kisha shusha mguu taratibu. Bolti ikigoma, tia oili na usubiri. Ukilazimisha inakatikia ndani, na hapo kazi inakuwa nyingine.

• Fungua boksi la pampu, toa impela, hesabu mapezi. Kama moja limekatika, tafuta kipande chake mpaka kipatikane. Kikibaki kwenye njia ya maji, impela mpya haitasaidia.

• Pitisha kidole kwenye kikombe cha pampu na bati la chini. Kama kuna mikwaruzo inayoshika ukucha, navyo vinahitaji kubadilishwa.

• Rudisha kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika impela kwenye shafti. Kikisahaulika, shafti itazunguka na impela itabaki imesimama.

• Paka grisi kidogo isiyodhuru mpira. Wakati unasukuma boksi lishuke, zungusha shafti kufuata mshale wa saa ukiangalia kutoka juu. Hivyo ndivyo mashine nyingi zinavyozunguka, na mapezi yatalala upande unaotakiwa.

• Unaporudisha mguu, hakikisha bomba la maji limeingia kwenye tundu lake na fimbo ya gia imekaa palepale ilipokuwa.

• Jaribu kwenye pipa la maji yanayofunika pampu, kamwe si nchi kavu. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima.

FAIDA IKO KWENYE SETI

Ukiuza impela peke yake, mteja atarudi kuomba gasketi. Mpe bei mbili: impela peke yake, na seti yenye impela, gasketi, kikombe, bati na kile kipande cha chuma. Mwenye mashine iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa mshauri achukue seti. Kwa aliyebadilisha juzijuzi na kikombe chake kiko safi, impela na gasketi zinatosha. Usimlazimishe.

Sema ukweli kuhusu aina. Kama ni orijino, andika orijino. Kama imetengenezwa na kampuni nyingine, andika hivyo na bei yake. Kuweka nembo ya kampuni kwenye kitu kisicho chake ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani (FCC) inakamata mizigo ya namna hiyo.

Kama huna mtaji wa kujaza stoo, anza na daftari. Kila mteja akikuuliza, andika aina ya mashine, namba ya kipuri na mahali alipo. Ndani ya miezi michache utajua mashine zipi zimejaa Kyela na zipi ziko Mtera, na utaagiza Kariakoo kitu unachojua kitatoka. Mwenzako atakuwa ananunua kwa kubahatisha.

Mwisho, mkubaliane kabla ya malipo: kipuri kisichoingia kinarudi kikiwa hakijafungwa, na nauli anailipa aliyekosea. Kama picha alizotuma mteja zilikuwa sahihi na wewe ukatuma tofauti, lipa bila kubishana.

Hifadhi maelezo haya, na mtumie mwenzako anayeuza spea.