Kampuni iliizika, Kawe bado wanaicheza

UKIMWAMBIA bodaboda wa Kawe akupeleke Tanganyika Packers, hakuulizi kama unakwenda kununua nyama ya kopo. Anawasha pikipiki, mnaondoka. Kiwanda kile kilishafungwa zamani, na vijana wengi wa Ukwamani na Mzimuni hawajawahi kushika kopo lake hata moja, lakini jina limegoma kufa. Leo ni jina la viwanja ambako watu hukusanyika kwa maelfu kwenye mikutano ya injili.

Kawe hiyohiyo, na Dar es Salaam nzima kuanzia Tandale mpaka Mbagala, kuna jina jingine ambalo wenyewe walishalifuta na mtaa ukakataa. Hili ni la mpira. Linaitwa PES.

Ingia kwenye kibanda cha gemu jioni, watoto wakishatoka shule. TV ya chogo, benchi la mbao, pedi mbili zilizolika pale pa kuweka kidole gumba, na PS2 nyeusi iliyoachwa wazi mfuniko ili ipate hewa. Sarafu inatolewa, mechi inaanza, aliyefungwa anampisha anayefuata. Na kwenye kioo wanaopambana si lazima wawe Barcelona na Real Madrid. Wanaweza kuwa Simba na Yanga, wekundu kwa kijani na njano, Dabi ya Kariakoo ndani ya mashine ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Hapo ndipo penye habari. Konami, kampuni ya Japan yenye gemu hilo, hawakuwahi kuiweka Ligi Kuu ya Tanzania humo, si kwenye toleo la kwanza wala la mwisho. Simba na Yanga wameingizwa na mashabiki, tena kwenye gemu ambalo wenye mali walishalipa kisogo.

VIFO VIWILI

Tuanze na mashine. PS2 ilizinduliwa Japan Machi 4, 2000. Sony wakasitisha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 155 duniani. Novemba mwaka huohuo Konami wakatoa PES 2014 ya PS2 kwa soko la Ulaya, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Hicho kifo cha kwanza.

Cha pili kilikuja Julai 2021. Konami walitangaza kwamba jina la Pro Evolution Soccer, lililokuwepo tangu 2001, linaondoka na nafasi yake inachukuliwa na eFootball. Gemu jipya likatoka Septemba 30, la bure, la kupakua mtandaoni. Ilikuwa aibu. Sura za mastaa wakubwa zilitoka zimepinda, picha zikazunguka dunia nzima watu wakicheka, na haikuchukua muda kampuni ikaomba radhi.

Wapinzani wao, EA, nao walikuwa na ya kwao. Mei 2022 walitangaza kuachana na FIFA baada ya ndoa ya karibu miaka 30, na FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo. Mtaani hakuna aliyeshtuka. Gemu linaitwa EA Sports FC, watu bado wanasema wanakwenda kupiga FIFA.

Ni haki kusema eFootball imenyooshwa tangu hapo, na kwenye simu ina wachezaji wengi. Ila inataka intaneti na inataka simu yenye nguvu. Mwenye kibanda hawezi kuendesha biashara ya sarafu kwa bando. PS2 yeye inamtaka umeme tu, na umeme ukikatika wote mnatoka nje kupiga stori mpaka urudi.

LIVERPOOL ILIPOITWA MERSEYSIDE RED

Wengi wanadhani mambo ya mashabiki kuchezea gemu yalianza na simu. Hapana. Konami wenyewe ndio waliofungua mlango, kwa sababu ya ukata wa leseni.

Aliyecheza PES 6 ya mwaka 2006 anakumbuka. Liverpool haikuwa Liverpool, iliitwa Merseyside Red. Chelsea ilikuwa London FC. Matoleo ya nyuma yalikuwa na vituko zaidi: beki wa kushoto wa Brazil mwenye shuti la radi aliitwa Roberto Larcos, na Waholanzi walipewa majina ya namba, Oranges na tarakimu tatu mbele. Leseni za majina halisi zilikuwa kwa mpinzani.

Ili kupunguza lawama, Konami waliweka sehemu ya kuhariri. Unabadili jina la timu, unabadili jina la mchezaji, unachora nembo nukta kwa nukta, unapaka jezi rangi unazotaka, kisha unahifadhi kwenye memori kadi. Kwao ilikuwa njia ya kukwepa wanasheria, lakini kwa shabiki ilikuwa shule. Mtu aliyejifunza kuigeuza Merseyside Red iwe Liverpool hachelewi kujiuliza kwa nini asiigeuze timu nyingine iwe Yanga.

Kutoka hapo wakaenda mbali zaidi. Walijifunza kulifungua gemu lenyewe kwenye kompyuta, kutoa mafaili ya jezi, nyuso, mabango na muziki, kuingiza yao, kisha kulifunga tena. Kinachotoka huitwa pachi, yaani kiraka. Wabrazil ndio wababe wa kazi hii. Pachi yao maarufu, Bomba Patch, ilianza miaka ya 2000 kwenye PES ya PS2 na imeendelea kutolewa miaka ya 2020 ikiwa na vikosi vipya, kwenye mashine ya mwaka 2000. Wajapani wameshasahau, Sao Paulo wanafanya usajili.

Ligi yetu inaingiaje? Kwa hesabu. Gemu lina idadi maalumu ya timu, huwezi kuongeza ovyo, kwa hiyo unachagua ligi ambayo mtaani haina wenyewe na kuifuta. PES 6 ina ligi ya Uholanzi yenye timu 18. Ligi Kuu Bara ina 16. Unafuta Waholanzi wote, unaweka Simba, Yanga, Azam, Coastal Union na wenzao, na unabaki na nafasi mbili ambazo ukitaka unawapa Mlandege na KMKM za Zanzibar. Samahani kwa mashabiki wa Ajax wa Kawe, kama wapo.

Watangazaji ni tatizo. Peter Brackley na Trevor Brooking walirekodi sauti zao London, sio Kariakoo, na majina ya mabeki wetu hawakuwahi kuyatamka. Anayetengeneza hupitia orodha ya majina yaliyomo na kuchagua linalokaribiana, au anaacha kimya. Ndiyo maana wakati mwingine unasikia straika wa Dodoma Jiji akiitwa kwa jina la Mreno.

NANI KASEMA KIPA WENU NI 60?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na ndipo ninapoamini gemu hili limekuwa mali yetu kweli.

Kila mchezaji wa PES ana namba. Mbio, nguvu ya shuti, pasi, kuruka, stamina, kila kitu kinapimwa mpaka 99. Kwa mastaa wa Ulaya kampuni ilipanga yenyewe. Kwa winga wa Mtibwa Sugar hakuna aliyempima. Anayetengeneza pachi anakaa na kompyuta yake na kuamua kwa macho aliyoonea mechi za Azam TV, na kwa moyo wake.

Na moyo una timu. Kama mtengenezaji ni mwananchi wa Jangwani, usishangae kipa wa Simba anatoka na 60. Akiwa Msimbazi damu, beki wa Yanga anakimbia kama amebeba gunia la mkaa. Halafu pachi inafika kibandani, watu wanaanza kubishana namba moja baada ya nyingine: huyu kasi yake haiwezi kuwa 70, yule pasi zake mmezidisha. Huu ni uchambuzi wa mpira, tena wa kina. Nimesikia vipindi vya redio ambavyo havifiki hapo.

Nitakiri kitu. Zamani nilikuwa nakataa kucheza na timu ya nyumbani kwenye gemu, naona ni utoto. Nilibadilika siku nilipofungwa bao la kichwa dakika ya 90 na timu ya mkoani ambayo wachezaji wake sikuwajua hata watatu. Dogo aliyenifunga alikuwa anawajua kikosi kizima.

ADRIANO HAZEEKI

Kuna jambo la ajabu kwenye gemu lililokufa: halizeeshi watu. Mwaka 2006 Adriano wa Inter Milan alikuwa na miaka 24. PES 6 ilimpa nguvu ya shuti 99, na yeyote aliyeshika pedi enzi zile anajua maana yake. Unavuka katikati, unageukia mguu wa kushoto, unabonyeza, kipa anaokota mpira nyavuni. Vibanda vingine viliweka sheria kabisa: Inter hairuhusiwi.

Adriano wa kweli alikuwa na safari nyingine. Alikuwa mfungaji bora wa Copa America ya 2004 kwa mabao saba, mwaka huohuo akampoteza baba yake, na hakuwahi kuwa yule tena. Mwaka 2009 aliondoka Inter na kurudi nyumbani Flamengo. Ila kwenye benchi la kibanda kuna watoto waliozaliwa baada ya hapo, hawajawahi kumuona kwenye TV hata dakika moja, na ukiwauliza mshambuliaji mwenye shuti kali kuliko wote watakutajia yeye kabla ya Haaland.

SIMU NAZO ZIMEINGIA

Siku hizi si lazima uende kibandani. Tangu mwishoni mwa 2012 kuna programu ya PPSSPP inayoifanya simu ijidai kuwa PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi, ambayo nayo ilishaachwa kutengenezwa. PES 2014 ilikuwa ya mwisho kwenye PSP, lakini mashabiki, Waindonesia wakiwa mstari wa mbele, wanaivisha vikosi na jezi mpya kila msimu na kuiandika mwaka wa sasa.

Halafu kuna First Touch Soccer ya 2015. Kampuni yake ya Uingereza iliiacha na kuelekeza nguvu Dream League Soccer. Mashabiki wakaichukua, na kwa miaka mingi imekuwa ikizunguka kwenye simu za bei ndogo kwa majina ya miaka mipya. Jezi za Simba na Yanga zimo, na Dream League yenyewe ilipowaruhusu wachezaji kupachika jezi zao, za Kariakoo ndizo zilizotafutwa kwanza hapa kwetu.

FLASHI IKIUNGUA

Sasa niseme lisilopendeza. Kisheria yote haya yana utata. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kulifungua gemu la mtu, kulibadili na kulisambaza hakukubaliki eti kwa sababu mwenye nalo halitengenezi tena. Nembo za klabu nazo zina wenyewe. Sitetei wanaozichoma CD na kuuza.

Lakini mtu wa Kawe angelinunua wapi gemu halali lenye Ligi Kuu? Halipo, halijawahi kuwepo. Klabu zetu zinapigania mauzo ya jezi, Simba na Yanga zimecheza fainali za Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga 2023 na Simba 2025, na bado hakuna gemu kubwa lililobisha hodi. Sioni ugumu wa klabu kuwaita hawa vijana mezani, kuwapa picha safi za jezi na nembo kwa maandishi, wafanye kazi bila kujificha. Gharama yake haifiki mshahara wa wiki wa mchezaji wa akiba.

Kwa sababu kazi hii inapotea. Jicho la PS2 linalosoma CD huchoka, na CD za kuchoma hulichosha haraka. Mafundi wakahamia kwenye flashi, kwa programu ya Open PS2 Loader ambayo nayo ni kazi ya mashabiki. Inasaidia, japo tundu la flashi la PS2 ni la kizamani na picha za mwanzo wa gemu hukwama kwama. Ila flashi ni kitu kidogo. Inaungua, inaibiwa, inafutwa ili mtu aweke muziki. Ikiondoka bila nakala, inaondoka na msimu mzima: wachezaji, namba zao, jezi zilizochorwa nukta kwa nukta kwa usiku kadhaa na mtu ambaye hakulipwa shilingi.

Kwa hiyo ukiingia kibanda chochote, tazama vikosi kabla ya kutoa sarafu. Ukikuta Clatous Chama yuko Simba, huenda hapo hapajaguswa tangu Julai 2024, alipovuka kwenda Yanga. Ukimkuta Fiston Mayele bado anatetema Jangwani, flashi hiyo ni ya kabla hajauzwa Pyramids ya Misri mwaka 2023. Mwambie mwenye kibanda asiifute. Anakili kwanza.