Je, Wajua? Mwanga, Taa na Kivuli cha Pwani

Je, wajua kwamba hapa Tezo, kaskazini mwa mji wa Kilifi kwenye barabara ya kwenda Malindi, jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka? Ni karibu na Machi 11, mnamo saa sita na nusu mchana, na tena karibu na Oktoba 2, mnamo saa sita na dakika 10. Mlingoti uliosimama wima dakika hizo hauna kivuli. Ndiyo maana fundi wa pwani hahangaiki kuutafuta mwanga. Kazi yake ni kuuzuia mlangoni, kuuvunja ukali, kisha kuuachia kidogo kidogo.

Wajua kwamba nyumba yenye upenu ulioshuka chini huangazwa zaidi na ardhi kuliko inavyoangazwa na mbingu? Jua hupiga mchanga wa uani, nao mwanga huruka hadi chini ya paa. Kaa barazani saa nane mchana umtazame uliyekaa naye: nuru inampata kidevuni kabla ya kumfika kwenye paji la uso.

Na vile vidoa vya mwanga vinavyotapakaa sakafuni chini ya paa la makuti lililochakaa, wajua kwa nini ni duara hata kama matundu yenyewe hayana umbo? Kila kimoja ni picha ya jua. Tundu dogo hufanya kazi ya kamera isiyo na lenzi. Jua likipatwa, vidoa vyote hugeuka hilali. Mchana wa Agosti 2, 2027 jua litapatwa kabisa kutoka Uhispania hadi Somalia, na huku Kenya litapatwa kwa sehemu tu. Siku hiyo usiliangalie jua. Tazama sakafu.

Mwanga huohuo umejengewa jumba la makumbusho. Kuba la Louvre Abu Dhabi, kazi ya msanifu Mfaransa Jean Nouvel iliyofunguliwa Novemba 2017, lina upana wa mita 180 na nyota 7,850 za chuma na alumini zilizopangwa kwa tabaka 8. Jua hupenya tabaka baada ya tabaka hadi kufika chini likiwa matone ya nuru. Wasanifu walisema wazi kwamba wazo lilitoka kwenye makuti ya mtende yaliyosukwa kuwa paa. Kila mwenye nyumba ya makuti Tezo, Roka au Matsangoni anastahili kulijua hilo.

Wajua kwamba kwenye magofu ya Gedi, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, kuta za mawe zina vishubaka vidogo vya kuwekea taa? Taa ndani ya kishubaka haipeperushwi na upepo wala haipigwi kikumbo na mpita njia, na ukuta uliopakwa chokaa huurudisha mwanga wake chumbani. Chokaa nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Moto mdogo wa mafuta haukuwa na chembe ya kupoteza.

Lamu walikwenda mbali zaidi. Vyumba vya majumba ya zamani ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, chini ya mita 3 hivi. Vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwanga huingilia kiwandani, ule ua ulio wazi juu, kisha hupungua kila uvukapo kizingiti, hadi kufika ndani kabisa. Huko ndani, penye giza, ndiko walikoweka ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, na ndani yake sahani na mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Kaure hung'aa. Ukileta taa moja tu, kila sahani huokota cheche yake na kila ukingo wa lipu hutupa kivuli chake. Sijaona bado ukuta wa balbu unaoufikia huo.

Wajua umeme wa Mombasa ulitoka wapi? Kwa historia inayosimuliwa na Kenya Power, Seyyid Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka 1875 kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo, na hapo ikazaliwa kampuni ya umeme na taa ya Mombasa.

Koroboi je? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazochomwa na taa ya utambi isiyo na chimni, gramu 7 hadi 9 hugeuka masizi. Masizi hayo huishia darini na kwenye mapafu ya mtoto anayedurusu.

Chupa ya plastiki ya lita 2, maji safi, vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani: huo ndio ubunifu wa Alfredo Moser, fundi wa Uberaba, Brazili, mwaka 2002 wakati umeme ulipokuwa adimu. Chupa hupenyezwa kwenye bati, nusu nje na nusu ndani. Maji huupinda mwanga wa jua na kuusambaza chumba kizima, sawa na balbu ya wati 40 hadi 60. Kwa nyumba ya bati ni dawa. Kwa makuti haifai, kwani hakuna pa kuziba.

Ila wenye makuti nao wana neema yao. Balbu ya zamani ya wati 60 iligeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, jambo la hatari karibu na paa kavu. LED hutoa mwanga huohuo kwa wati 8 au 9. Waliogundua LED ya buluu, iliyowezesha balbu hizi nyeupe, ni Akasaki, Amano na Nakamura, nao walitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Sasa hili, na naomba wenye hoteli wasome. Je, wajua kwamba taa ya ufukweni inaweza kumwua kasa? Vifaranga hutoka mchangani usiku na kufuata upeo ulio na mwanga zaidi, ambao tangu na tangu ulikuwa bahari. Taa nyeupe ya bustani huwageuza. Hutambaa kuelekea barabarani, na kukipambazuka waliowaponyoka kaa hukaushwa na jua. Local Ocean Conservation ya Watamu hulinda viota vya kasa tangu 1997. Tiba ni ya usanifu na haina gharama kubwa: taa ishushwe, ifunikwe upande wa bahari, na iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, yenye mawimbi ya urefu uliozidi nanomita 560. Mgeni huona njia, kasa huona bahari.

Haraka haraka: thurea ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Maskati, ina kimo cha mita 14. Maktaba ya shule ya Gando, Burkina Faso, huangazwa na vyungu vilivyokatwa na kupachikwa darini, ubunifu wa Francis Kéré. Na Kitengela, Anselm Croze hupuliza taa kwa vioo vya madirisha vilivyotupwa.

Na kifuu cha nazi, ukitaka kukifanya taa? Kina macho matatu, hivyo tundu la waya tayari lipo. Kisugue kwa msasa mpaka nyuzi ziishe, kitoboe kwa keekee nyembamba, kipake mafuta ya nazi. Tia LED ndogo isiyo na ukungu, kwani balbu ya ukungu hufifisha nukta za mwanga. Matundu yakiwa madogo na yameachana, ukuta hujaa nukta kali. Yakiwa makubwa, nukta huungana na umbo hupotea.