Maktaba ya Kata Huanza na Kabati na Mtunzaji

Mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa Watanzania wazima takriban 90 katika kila 100 walijua kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta wamebaki karibu 70. Sababu ni nyingi: uchumi uliyumba, madarasa ya kisomo yakafungwa, watoto wengi wakakosa shule. Lakini sisi wakutubi tunaijua moja kwa karibu: aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau.

Waliopanga kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 walilitambua hilo. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijiji, nyingi zikiwa kabati tu la vitabu darasani au katika ofisi ya kijiji, chini ya mtu wa hapohapo aliyepewa mafunzo mafupi. Yakachapwa pia magazeti ya vijijini, mojawapo likiwa Elimu Haina Mwisho. Ilipofika miaka ya 1980 fedha zikakauka. Vitabu vipya havikuja, watunzaji wakakosa posho, na vilivyobaki vikachakaa.

Funzo la maktaba hizo linaihusu moja kwa moja kata kama Usevya, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi. Watu wa huku wanalima mpunga na mahindi, wanafuga ng'ombe na kurina asali, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni jirani yao. Wanahitaji maarifa yanayogusa kazi hizo, kwa Kiswahili chepesi, na mahali pa kuyapata bila kulipa.

Kazi ya mkutubi huanzia hapo. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Kilimo ni 630. Ndani yake mpunga ni 633.18 na ufugaji nyuki ni 638.1. Afya ya binadamu iko 610. Mkulima anayeuliza kwa nini majani ya mpunga wake yanageuka manjano haachwi apekue kabati zima. Anaonyeshwa kitabu, jina lake linaandikwa kwenye daftari la kuazima, na tarehe ya kurudisha inagongwa muhuri ndani ya jalada. Mwisho wa mwezi daftari hilo linaeleza kata inatafuta nini: likijaa maswali ya magonjwa ya mifugo, mtunzaji anajua vitabu gani vya kuagiza na lini amwalike ofisa ugani aje kuzungumza na wasomaji.

Maktaba hutunza pia yale ambayo hayajawahi kuandikwa. Wapimbwe ni wenyeji wa eneo hili, na Wasukuma wengi wamehamia na mifugo yao. Masimulizi ya wazee wa pande zote mbili, yakirekodiwa na kuwekwa rafu moja, yatawasaidia vijana wao kujuana.

Kuanzisha maktaba ya namna hii kunawezekana. Huko Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii ilianza mwaka 1999 na sanduku la vitabu shuleni. Jengo lilifuata baadaye.

Hapa nchini, Sheria ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 imeipa Bodi ya Huduma za Maktaba jukumu la kuanzisha na kuendeleza maktaba, na Chuo cha Ukutubi Bagamoyo kinafundisha watumishi. Basi waheshimiwa madiwani, msisubiri jengo. Tengeni katika mapato ya ndani posho ya mtunzaji mmoja na fungu dogo la vitabu vipya kila mwaka, kisha iombeni Bodi ushauri wa kitaalamu. Nanyi wazazi, ulizeni kwenye mkutano ujao wa kijiji fungu hilo limefikia wapi. Maktaba za vijiji zilikufa kwa kukosa vitu hivyo viwili, na tusipoviweka kwenye bajeti hata jengo zuri litageuka ghala.