Je, Wajua? Matairi ya Kiangazi kwa Gari la Mbio Linalotembea Mtaani

Je, wajua kwamba kwa kiwanda cha matairi, Mombasa na Dar es Salaam ni kiangazi mwaka mzima? Mpaka unaotumiwa na wataalamu ni nyuzijoto 7 za Selsiasi. Chini ya hapo mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa na kupoteza mshiko. Juu ya hapo, kwa breki na kwa kona, ni vigumu kupata la mtaani la kulishinda. Hata Nairobi ya Julai, ile ambayo watu huivalia majaketi mawili, mchana wake haushuki kiasi hicho. Mwenye gari la mbio ukanda huu hana haja ya kuumiza kichwa na misimu: anunue la kiangazi, basi. Kazi ni kuchagua lipi.

Je, wajua kwamba hata hivyo baadhi ya Subaru na Mark X hushuka bandarini zikiwa na matairi ya theluji? Sehemu za Japani zenye baridi kali watu hubadili matairi kila msimu, na gari likiuzwa wakati wa baridi linakuja na yaleyale. Inama ubavuni usome. Ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, kwa kawaida ndilo hilo. Tazama pia kashata zake: kila kipande kimechanjwa vichanjo vyembamba vya kwenda upogo, vingi ajabu. Vimewekwa ili ving'ate barafu. Kwenye lami ya Mtito Andei saa nane mchana, vipande hivyo hucheza kama meno ya mtoto yaliyolegea. Unakata usukani, gari linasitasita kwanza, ndipo linageuka. Muuzaji atakuambia kashata bado nzima, na hasemi uongo. Ila herufi ya mwendo ubavuni mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160 kwa saa, kwenye gari la turbo linaloweza kuzipita 200. Hutakwenda mwendo huo, najua. Lakini herufi ile inahusiana na joto ambalo tairi linaweza kulistahimili, na joto tunalo hata tukienda taratibu.

Je, wajua herufi zenyewe? S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Namba inayotangulia herufi ni ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 94 ni kilo 670. Usikubali namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyokuja na gari, hata kwa punguzo la bei.

Je, wajua kwamba namba ya TREADWEAR iliyo ubavuni, kampuni hujipa yenyewe? Mfumo ni wa serikali ya Marekani. Msafara wa magari huzunguka barabara za umma jirani na San Angelo, Texas, mzunguko wa kama kilomita 640, mpaka yafikishe kilomita 11,500 hivi, huku ulaji wa tairi ukilinganishwa na wa tairi la kipimo. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lenye 100. Lakini baada ya jaribio, kampuni ndiyo inayopiga hesabu na kuamua iandike ngapi. Kwa hiyo 300 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 300 ya jirani yake. Linganisha matairi ya nembo moja ndipo namba iwe na maana. Na tairi la theluji halimo kabisa katika mfumo huu.

Michelin Pilot Sport 4S limeandikwa 300. Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan A052 ni 200, na hiyo 200 haikuja kwa bahati. Chama cha mashindano cha Marekani, SCCA, kinataka namba isiyopungua 200 katika madaraja yake ya magari ya mtaani, nazo kampuni zikatengeneza matairi yanayonata kadiri zinavyoweza na kuyagonga muhuri huohuo. Vijana wanaona 200 wanadhani ni cheo. Mimi, kwa mtu anayekwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa na kujinafasi Jumapili, ningemwambia ayaache dukani. Matairi hayo yana mifereji michache, huwa bora yakishapata moto, huisha upesi, na masika yakipiga Thika Road au Bagamoyo Road hutatamani kuwa juu yake. La 300 linakata kona kuliko uwezo wa madereva wengi wa mtaani, na mvua linaijua.

Je, wajua kwamba alama ya TRACTION A au AA, iliyo jirani na TREADWEAR, hupima breki kwenye maji kwa mstari ulionyooka tu? Kona haimo.

Je, wajua kwamba gari la kilo 1,400 limeshikwa na ardhi kwa sehemu nne, kila moja ikiwa na sentimita za mraba 150 na ushei, karibu kiganja cha mtu mzima na vidole vyake? Na ukiongeza upana wa tairi bila kubadili upepo, eneo hilo haliongezeki sana. Linabadilika umbo, linakuwa pana na fupi. Umbo hilo husaidia kwenye kona. Kwenye maji yaliyotuama linakuponza, kwa sababu maji yana njia ndefu zaidi ya kukimbilia pembeni.

Na je, wajua fomula ya kuelea juu ya maji ilitoka kwa watu wa ndege? Watafiti wa NASA waliitoa mwaka 1963: chukua kipeuo cha pili cha upepo kwa psi, zidisha kwa 10.35, upate maili kwa saa. Tairi la upepo wa 32 huanza kuelea karibu kilomita 94 kwa saa. Likishuka hadi 24, ni kama 82. Kwa gari dogo ni makisio, maana kina cha kashata na cha maji vina kauli yao. Ila jambo moja halibadiliki: upepo ukipungua, unaelea mapema. Wale wanaopunguza upepo ili gari lishike zaidi kwenye mvua wanafanya kinyume.

Je, wajua kwamba tairi lililojazwa Mombasa huonyesha upepo mwingi zaidi likifika Nairobi, bila mtu kuligusa? Geji hupima tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo 32 ya Mombasa inaelekea 35. Ubaridi wa huko hurudisha chini kama nusu ya nyongeza hiyo, kwani joto likishuka kwa nyuzi 10 huondoka karibu psi moja na nusu. Anayeteremka pwani Ijumaa jioni mambo humgeukia: anafika na upepo pungufu kuliko aliouacha nyumbani. Apime asubuhi kabla ya kuwasha gari, na kabla jua halijapiga matairi ya upande mmoja, la sivyo atapata majibu mawili tofauti na kumlaumu mwenye geji.

Je, wajua kwamba ile MAX. PRESS iliyoandikwa ubavuni si upepo wa kujaza? Ni kikomo cha tairi lenyewe. Upepo wa gari lako uko kwenye kibandiko kinachoonekana ukifungua mlango wa dereva. Kibandiko cha Japani huandika 230 na kando yake 2.3, zidisha hiyo 2.3 kwa 14.2, unapata karibu 33. Kijana wa kituo cha mafuta anayejaza 40 kwa kila gari hajawahi kufungua mlango huo.

Je, wajua kwamba 205/55R16, 225/45R17 na 225/40R18 zina kimo kinachokaribia kulingana? Milimita 632, 634 na 637. Spidomita haitadanganya cha kutajika ukihama kutoka moja kwenda nyingine. Kinachohama ni ubavu: kutoka milimita 113 hadi 101, kisha 90. Ubavu mfupi hufanya usukani ujibu upesi, na mashimo nayo yaipate rimu upesi. Ningesimama kwenye 17. Anayeishi karibu na matuta yasiyopakwa rangi ananielewa.

Je, wajua kwamba Subaru ya kuvuta magurudumu yote haipendi kununuliwa tairi moja? Kampuni inataka tofauti ya mzingo baina ya matairi manne isizidi robo inchi, milimita 6.4. Gawanya kwa pai, kisha kwa mbili: kashata zisipishane zaidi ya milimita moja. Ukipata pancha ya ubavuni matairi mengine yakiwa nusu ya umri wake, ukafunga moja jipya, difu ya katikati itafanya kazi muda wote kana kwamba gari linakata kona hata barabara ikiwa imenyooka kama reli ya SGR. Bei ya difu unaijua, au utaijua. Ndiyo maana wenye Subaru wanaojali huweka bajeti ya matairi manne kwa mkupuo.

Kwa gari la kuvuta magurudumu mawili, yakinunuliwa mawili tu, mapya hufungwa nyuma. Hata kama gari linavuta mbele. Mbele ikiteleza dereva wa kawaida hupunguza mwendo na gari hurudi njiani. Nyuma ikiteleza, wachache ndio wanaoliokoa.

Je, wajua kwamba tairi "jipya" linaweza kuwa na miaka mitano? Tafuta neno DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Zikiwa hazionekani, ziko upande wa pili; mwambie muuzaji aligeuze. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, hata kama kashata bado zinacheka.

Je, wajua kwamba weusi wa tairi ni masizi? Mpira wa asili ni mweupe-mweupe, na matairi ya kwanza yalikuwa na rangi hiyo. Ndiyo sababu kibonzo cha Michelin cha mwaka 1898 ni cheupe mpaka leo.

Je, wajua kwamba Toyota 86 ya mwaka 2012 iliuzwa katika masoko kadhaa na Michelin Primacy HP za 215/45R17, aina iliyofungwa pia kwenye baadhi ya Prius? Haikuwa ubahili. Toyota walitaka gari liteleze kwa mwendo mdogo ili dereva wa kawaida alifurahie. Waliokimbilia matairi ya kunata walipata kona za kasi zaidi, na wengine wakaikosa ile raha waliyoinunulia gari.

Je, wajua kwamba kidoa cha manjano kwenye tairi jipya huonyesha mahali palipo pepesi zaidi? Fundi akikilinganisha na mahali pa valvu, hutumia vyuma vichache vya kubalansi.

Na je, wajua kwamba tairi linapotoka dukani huwa na utelezi? Uso wake bado una mabaki ya dawa iliyolitoa kwenye kalibu kiwandani. Kampuni hushauri kwenda kwa upole kilomita mia kadhaa za mwanzo. Kwa hiyo siku ya kufunga matairi si siku ya kuwapitia marafiki kuwaonyesha kona. Wapitie wiki ijayo.