Je, Kompyuta Inasoma Joto la Friji ya Chanjo kwa Usahihi?

Baadhi ya zahanati za vijijini zina friji za chanjo zinazotumia umeme wa jua, pamoja na kifaa kinachotuma vipimo vya joto kwa njia ya mtandao wa simu hadi kompyuta ya ofisini. Ni msaada mkubwa, hasa mahali ambapo fundi hufika kwa shida. Lakini kifaa hakitumi "nyuzi 4.6" kama tunavyosema sisi. Hutuma namba tupu, na kompyuta ni lazima ielezwe maana yake. Maelezo hayo huwekwa katika jedwali, na hapo ndipo makosa mengi huingia.

Vifaa vingi vya namna hii hutumia utaratibu uitwao Modbus, uliobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo ya viwandani. Ndani ya kifaa kuna visanduku vya namba viitwavyo rejista. Kila rejista hubeba namba nzima kuanzia 0 hadi 65535, bila nukta. Kwa hiyo nyuzi 4.6 huhifadhiwa kama 46, na jedwali huiambia kompyuta igawe kwa 10. Kosa la hapa huonekana mara moja, maana hakuna friji yenye nyuzi 46 isiyomshtua mtu.

Kosa la namba ya rejista ni gumu zaidi kulitambua. Vitabu vingi vya maelekezo huanza kuhesabu kwenye 40001, lakini rejista hiyo hiyo ikiombwa kwenye waya huitwa 0. Ukipitwa na hatua moja, utasoma rejista ya jirani. Tuseme jirani huyo anahifadhi joto ambalo friji imepangiwa kulifikia. Kompyuta itaonyesha nyuzi 5.0 asubuhi, mchana na usiku, hata friji ikiwa imezimika! Mstari ulionyooka mno kwenye grafu usiwafurahishe.

Linalotuhangaisha zaidi ni baridi kali. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto tu, lakini chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya pepopunda huharibika zikiganda, na kuziyeyusha hakuzirudishii nguvu. Sasa, rejista haina alama ya kutoa. Nyuzi 0.5 chini ya sifuri huandikwa 65531. Jedwali lisipoeleza kwamba namba hii inaweza kuwa hasi, kompyuta itasoma nyuzi 6553.1. Baadhi ya programu huona kipimo hicho hakiwezekani, hukitupa, na king'ora hakilii. Usiku ule ule chanjo zinapoganda, grafu huonyesha pengo tu, na mtu hudhani mtandao ulikatika.

Jaribio lake ni rahisi. Kwanza hamishieni chanjo kwenye kisanduku baridi, kwa sababu katika friji nyingine kihisio kinachopima ndicho kinachoongoza mtambo. Ukikishika mkononi, friji itadhani kuna joto na kuzidisha baridi. Kisha jazeni kikombe barafu iliyopondwa na maji kidogo, korogeni, tumbukizeni kihisio na subirini dakika chache. Kompyuta ionyeshe karibu na 0. Ongezeni chumvi ya kutosha: joto litashuka chini ya sifuri, na kompyuta ionyeshe alama ya kutoa. Ikileta maelfu au ikinyamaza, jedwali lirekebishwe kabla chanjo hazijarudishwa.

Jedwali lililosahihishwa lichapishwe, litiwe tarehe na kubandikwa ndani ya mlango wa sanduku la kifaa. Fundi akibadilisha programu ya kifaa, mpangilio wa rejista unaweza kubadilika pia, hivyo mwombeni arudie jaribio la barafu na chumvi mkiwepo, kabla hajaondoka.